Pacha Alisema "Bahari"

Jagi halikutoka chumba cha nyuma kabla Pacha hajachovya kidole ndani yake. Alikilamba, akafumba jicho moja kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani, kisha akasema, "Bahari." Hapo ndipo Mama Vidole alipolipokea jagi kwa mikono miwili akaenda nalo ukumbini. Bila neno hilo hakuna maji yaliyomiminwa. Sheria hiyo hawakuwekewa na mtu. Walijiwekea wenyewe tangu siku waliposahau chumvi mbele ya watoto wa shule, wakasimama wote macho kodo wakisubiri kitu kisichokuja, hadi mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mwalimu, kwani hii ni juisi?"

Walicheka wiki nzima, lakini tangu hapo walionja.

Walifanya kazi katika Jumba la Bahari, kwenye mji usio na bahari. Aliyetaka kuiona bahari yenyewe ilimpasa asafiri mbali sana, na wengi hawakuwa na nauli wala sababu. Basi walikuja hapo. Mlangoni kulikuwa na taya la nyangumi, ambalo watoto walilishika kila siku mpaka likang'aa kama mkono wa kiti cha zamani. Ndani kulikuwa na makabati ya kombe na matumbawe. Katikati ya ukumbi, juu ya meza ya chuma, kulikuwa na tangi la kioo lenye kimo cha mtoto wa chekechea. Kwenye tangi hilo ndiko Mama Vidole alikopatia jina lake.

Asubuhi alilijaza maji baridi nusu yake, maji yaliyolala kwenye jokofu. Huko nyuma Pacha alikuwa akipasha maji mengine, akayatia chumvi kidogo na rangi nyekundu ya keki. Kidogo, maana chumvi ikizidi, maji huporomoka chini yote kwa mara moja, mchezo ukaisha. Wageni wakishakusanyika, Mama Vidole aliweka juu ya maji baridi kibao chepesi kilichobandikwa sponji, akamimina juu ya sponji hiyo polepole, akibana pumzi. Maji mekundu yalijitandaza juu ya yale baridi kama shuka linalotandikwa kitandani. Juu nyekundu, chini nyeupe, na katikati mstari mnyoofu.

Halafu ulikuja wakati wa kusubiri. Mstari ule ulianza kuwasha, kama ngozi inayotaka kutoka upele. Vikachomoza vijiuzi vyekundu, vyembamba, vingi, vimebanana, vikaanza kushuka pamoja kuelekea chini, na watoto wakapiga kelele: "Vidole! Vidole!"

Kijana wa kueleza wageni, aliyeitwa Spika kwa sababu hata nyumbani kwake inasemekana aliomba chumvi mezani kama anatangaza mpira, aliwaeleza vizuri.

"Ndugu zangu, maji ya juu yana vitu viwili, joto na chumvi. Joto ndilo linayafanya mepesi, ndiyo maana yamekaa juu kama bosi. Lakini joto halina subira. Linamkimbilia jirani yake baridi mara moja. Chumvi je? Chumvi ni mzito wa miguu, inachelewa kuhama. Sasa joto likishayatoka, maji yale yamebaki na chumvi yake tu. Yanakuwa mazito kuliko yaliyo chini yake. Yanazama! Na huko baharini ni hivyo hivyo. Jua linapasha maji ya juu na kuyakausha kidogo kidogo, chumvi inabaki. Chini yake kuna maji baridi yenye chumvi pungufu. Basi vidole kama hivi viko huko saa hii, vinashusha chumvi gizani, wala hakuna wimbi linalokoroga."

"Vinaonekana?" mtu aliuliza kila mara.

"Huko hawatii rangi ya keki, mzee wangu."

Mama Vidole alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi kiasi cha kuweza kuyasema usingizini, lakini hakuyachoka, na sababu yake ilikuwa kitinda mimba wake. Mwanawe huyo alikuwa baharini. Alifanya kazi kwenye meli inayoteremsha vipimo kwa waya mrefu, kupima joto na chumvi kutoka juu hadi kilindini. Meli ilipokaribia nchi kavu simu ilishika, na kijana alimpigia mama yake. Siku moja alimwambia, "Mama, huku kuna mahali maji yamejipanga kama ngazi. Kipimo kinashuka, joto ni lile lile, lile lile, halafu ghafla linaanguka. Halafu tena lile lile. Wakubwa wanasema ni vile vidole vyako ndivyo vinajenga ngazi hizo."

"Vidole vyangu?" Mama Vidole alisema, akacheka na machozi yakimtoka.

Yeye alikuwa mwoga wa kila kitu: umeme, mbwa, ngazi zenye maji, simu inayolia wakati usio wake. Bahari hakuwahi kuiona, lakini kila ilipotajwa redioni alipunguza sauti. Tangi lile ndilo lililomtuliza. Vidole vilipoanza kushuka alisema chini kwa chini, "Haya baba, nenda salama," na siku yake ikaanza. Neno hilo hakuna aliyelisikia ila Pacha.

Pacha na yeye hawakufanana hata kidogo. Mmoja mrefu kama mlingoti wa bendera, mwingine mfupi wa mviringo. Watu waliwaita pacha kwa sababu waliajiriwa pamoja, walikula kwenye bakuli moja, na mmoja akiumwa mwingine alikohoa. Walikuwa chanda na pete. Mwisho jina likabaki kwa yule mrefu. Pacha hakujaliwa mtoto. Mume alikuwa naye, akaenda zake, na Pacha alipoulizwa habari zake alijibu, "Alikwenda dukani. Labda foleni ni ndefu."

Daktari alipompima Mama Vidole presha, alimwambia apunguze chumvi. Yeye akasikia aache. Akaacha kwenye mboga, akaacha kwenye uji, akaacha hata kuonja jagi.

"Hata tone?" Pacha alimuuliza.

"Daktari amesema."

"Daktari amesema usile gunia. Haya, usijali. Mimi nitakuwa ulimi wako."

Ndivyo ikawa.

Kisha ikaja habari ya tangi jipya. Ghorofani walikuwa wakijenga tangi kubwa kama ukuta wa chumba, lenye pampu ya kulaza maji taratibu bila kibao wala sponji. Kazi ya watu wawili ingefanywa na mmoja. Mkuu wa Jumba, mtu mpole aliyefuta miwani yake kwa tai kila alipotaka kusema jambo zito, alimwita Mama Vidole ofisini, akafuta miwani.

"Mama, wafadhili wanakuja kuona kazi yetu. Wakiridhika na vidole vyako, tangi la juu ni lako. Mwenzako tutamweka langoni, akate tiketi."

"Hatuwezi kubaki wote, Mkuu? Sisi tumezoea—"

"Mmoja, mama. Pampu haihitaji pacha."

Mama Vidole alimwambia Pacha siku hiyo hiyo, maana hakujua kumficha kitu. Pacha alikuwa akiosha majagi. Aliendelea kuosha.

"Langoni?" alisema. "Mimi nitakata tiketi au nitakata watu?"

Wakacheka. Baadaye Mama Vidole alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Siku zilizofuata macho yake, yasiyopitwa na kitu, yaliona mambo madogo. Pacha alianza kuja na bakuli lake mwenyewe. Mama Vidole alimkuta akikagua tangi dogo la mazoezi, lile lililokaa nyuma ya pazia bila kazi, akilisugua kioo. "Vumbi limezidi," Pacha alisema. Na siku moja simu ya mwanawe ilipolia wakati wa chakula, Pacha, ambaye siku zote alisogeza sikio amsalimie kijana, aliinuka akatoka nje. Mama Vidole aliyaona yote hayo na kuyapa jina moja: huzuni. Akamhurumia mwenzake. Akapanga moyoni kwamba akishakaa vizuri ghorofani atambembeleza Mkuu mpaka Pacha arudishwe.

Siku ya wafadhili ukumbi ulijaa suti. Mama Vidole alikuwa amekiosha kibao na kukiosha tena. Kwenye chumba cha nyuma Pacha alichovya kidole, akalamba.

"Bahari," alisema.

Hakufumba jicho. Hilo Mama Vidole aliliona, lakini nalo alilipa jina lile lile la huzuni, akachukua jagi akaenda.

Alimimina kama hajawahi kumimina. Shuka jekundu lilijitandaza bila kunyanzi. Mstari ulikaa mnyoofu hata Mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Spika akaeleza joto, akaeleza chumvi, akaeleza subira na uzito wa miguu, kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye kioo. "Na sasa, tazameni!"

Wakatazama. Mstari ulikuwa pale pale.

Spika akaongeza habari za jua. Mstari pale pale. Akaongeza mzaha wa bosi, na waliocheka walikuwa wachache. Mgeni mmoja alitazama saa, mwingine akamnong'oneza jirani. Mama Vidole alisimama karibu na kioo, akiomba kimya kimya, kijiuzi kimoja tu, kimoja. Maji mekundu yalikaa juu ya maji meupe kama kifuniko juu ya sufuria.

"Inaelekea leo bahari imelala," alisema Spika, na safari hii walicheka wote.

Mkuu alikuwa akifuta miwani.

Ndipo Pacha alipojitokeza, jagi lingine mkononi, nyuma yake mhudumu akisukuma meza ya magurudumu yenye tangi dogo, safi, limeshajazwa maji baridi.

"Samahanini wageni wetu," alisema kwa sauti nzuri, ambayo hakuna aliyejua anayo. "Labda mkono wa mwenzangu umetikisika, ni mtu wa presha. Naomba ruhusa nijaribu."

Akamimina. Wakasubiri kidogo. Vidole vikashuka, vingi, vyekundu, kama mvua iliyokatwa nyuzi nyuzi, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Mama Vidole. Alipiga mpaka viganja vikamwaka moto. Mwenzangu ameniokoa, alikuwa akijiambia. Mwenzangu ameniokoa.

Wageni walipokwenda kunywa chai, alibaki kumwaga tangi. Aliweka kiganja kwenye kioo kwa mazoea. Joto lilikuwa limekwisha toka, juu na chini pote baridi, na bado maji mekundu yalikuwa yametulia juu. Hapo akasita. Joto likitoka, chumvi hubaki, na chumvi ikibaki maji huzama. Hivyo ndivyo alivyosikia kila siku ya kazi yake. Haya yamekosa nini?

Alitazama kulia na kushoto kama mwizi, akachovya kidole, akakilamba.

Maji ya bomba.

Alilamba tena. Maji ya bomba, matamu kidogo kwa rangi ya keki. Akaenda kwenye tangi dogo, akachovya. Chumvi ilimuuma ulimi wake uliosahau chumvi, ikampanda hadi masikioni.

Alijaribu kuliita jambo hilo usahaulifu, alijaribu kuliita haraka za siku kubwa. Majina yote hayo yalikataa kukaa.

Pacha alikuwa chumba cha nyuma, anakausha mikono.

"Pacha, jagi langu ulilionja?"

"Si nilikwambia bahari?"

"Nimeonja mimi."

Pacha akageuka. "Wewe? Na presha yako?"

"Ni maji ya bomba."

"Basi nilikosea. Ulimi si mashine."

"Na jagi lako je? Huko ulimi ulipona?"

Pacha alitundika taulo, likaanguka, akaliokota, akalitundika tena.

"Ungeniambia tu," Mama Vidole alisema. "Ungeniambia unalitaka lile tangi."

"Ungenipa?"

Mama Vidole akageuzia macho kwenye taulo. Pacha akaliona hilo, akashika hapo hapo.

"Umeona? Wewe ukitoka hapa una mwanao. Simu ikilia ni yako. Mimi nikipelekwa langoni naongea na nani, na tiketi? Kila siku nimekaa nyuma ya pazia napasha maji, napima chumvi, na makofi ni ya Mama Vidole. Jina lenyewe ni la Mama Vidole. Mimi hata jina nililonalo ni nusu yako."

"Ningekunyima tangi, labda," alisema Mama Vidole polepole. "Lakini nisingekudanganya mdomoni. Nilikupa ulimi wangu, Pacha. Halafu ukawaambia watu mkono wangu umetikisika. Mkono wangu!"

"Lilinitoka tu."

"Halikukutoka. Tangi ulilisugua siku zile."

Pacha akachukua mkoba wake, akapita pembeni yake.

Mama Vidole alichota maji mekundu ya tangi lake kwenye jagi, akapanda nayo kwa Mkuu. Alieleza yote, na katika kueleza alisikia mwenyewe jinsi yalivyokuwa madogo: chumvi, kidole, neno moja.

"Una uhakika, mama?"

"Onja."

Mkuu aliyatazama maji yale, akasogeza kiti nyuma. "Mimi ninywe maji ya tangi?"

"Kidole tu, Mkuu. Nchani tu."

Alicheka kwa adabu, akafuta miwani. "Mama, wageni wameondoka wamefurahi. Nyinyi si pacha? Hayo yamalizeni wenyewe huko chini. Lango lina kivuli na kiti kizuri, na hakuna kunyanyua vitu vizito. Kwa presha yako ni afadhali."

Alishuka ngazi na jagi lake, akashika ukuta kila hatua.

Basi akawa langoni. Kiti kilikuwa kizuri kweli. Alikata tiketi, akasema karibuni, akawakumbusha watoto wasikimbie. Kutoka ghorofani sauti zilimfikia zimepungua nguvu: kimya cha kusubiri, halafu kelele, "Vidole! Vidole!" Kimya kile kilimtesa kuliko kelele. Bila kutaka alibana pumzi mpaka kelele zikasikika. Siku moja watoto wawili waliteremka wakishindana, mmoja akasema, "Mimi Mama Vidole ameniruhusu niwashe pampu!" Mama Vidole aliinua kichwa kuitika. Mtoto akapita.

Tiketi ya mtu aliyefuata aliichana vibaya, akaomba radhi.

Pacha alimletea chai mara kadhaa mwanzoni. Aliiweka mezani bila kukaa. "Nimeikoroga vizuri," alisema. Mama Vidole alisema asante, akaiacha mpaka moshi ukaisha na utando ukaota juu. Hakuimwaga kwa hasira. Alishindwa tu kunywa kitu alichoonjewa na mtu mwingine. Mwisho Pacha akaacha kuleta, na wakawa wanasalimiana kwa kuinua nyusi.

Hata nyumbani mambo yalibadilika. Mboga aliionja kabla, katikati na baada. Muuza maziwa akimwambia maziwa ni ya leo, alinusa mbele yake. Mtu mmoja alikuwa amemdanganya kwa neno moja, na sasa maneno yote yalikuja mlangoni kwake akayasimamisha, kama watu wasio na tiketi.

Alasiri moja simu ililia. Ilikuwa ya mwanawe, upepo unavuma ndani ya sauti yake.

"Mama! Hujambo?"

"Sijambo baba. Wewe je?"

"Mimi salama kabisa. Bahari shwari, chakula kizuri, usiwe na wasiwasi."

Zamani maneno hayo yalimshusha mabega. Sasa aliyageuza huku na huku. Salama kabisa. Yalikuwa yametoka haraka mno. Akajaribu kumwona usoni kwa kusikiliza, kama amefumba jicho au hakufumba.

"Vidole vyako havijambo?" kijana aliuliza kwa furaha. "Pacha je? Mpe simu nimsalimie."

"Pacha yuko ghorofani."

"Mbona sauti yako hivyo?"

Alitaka kumwambia. Lakini kijana alikuwa mbali, juu ya maji yasiyo na mwisho, na mtu wa mbali habebeshwi mzigo. Akalimeza neno lake, na hapo akatambua kwamba huenda na yeye mwanawe anameza lake vile vile, kila anapopiga, kwa huruma ile ile.

"Hapo ulipo, maji yako karibu?" aliuliza.

"Maji?" kijana alicheka. "Mama, niko melini. Nizungukwe na nini, mchanga?"

"Yaonje."

"Nini?"

"Chota maji ya bahari uyaonje, uniambie yakoje."

"Ya chumvi, mama. Yatakuwaje?"

"Usiniambie kabla hujaonja."

Pengine kijana alifikiri mama yake anazeeka. Pengine alisikia kitu. Upepo uliendelea kuvuma kati yao.

"Haya," alisema taratibu. "Ngoja. Usikate."

Mama Vidole alisikia viatu vikigonga chuma, vinashuka ngazi. Alisikia kamba ikikwaruza, na mbali chini, ndoo ikipiga maji. Langoni watu walikuwa wamepanga mstari, mtu wa mbele amenyoosha pesa zake. Akawainulia mkono wangoje, akakandamiza simu sikioni, akabana pumzi.